Uzi maalumu: Kuchora sura ya mzazi au ndugu kwa penseli kutoka kwenye picha, kwa ajili ya zawadi

Penseli_Tandika

Wakuu, habari zenu.

Kila zikikaribia sikukuu, au kukiwa na sendofu na jubilei za ndoa, napata ujumbe wa aina moja: "Mkuu, nataka nimchore mama, picha ninayo kwenye simu, nianzie wapi?" Leo naandika mara moja, wengine wote nitawaelekeza huku. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nianze na jambo ambalo wengi wanaliruka. Mchoro wa zawadi haupimwi na picha uliyochorea, unapimwa na shangazi. Unaweza kunakili kila unyweleo, ukapeleka nyumbani, shangazi akauangalia weee, kisha akasema: "Kafanana naye, ila siye." Na hapo usibishane naye. Picha ilimkamata mtu kwa sekunde moja, shangazi kakaa naye maisha. Kwa hiyo kabla sijachonga penseli naomba picha tatu nne za mtu huyohuyo, hata kama nitachora moja tu. Moja ndiyo ya kuchorea, nyingine za kunisuta. Halafu nauliza wa nyumbani maswali ya kijinga: Doa lilikuwa shavu gani? Miwani alivaa kila siku au ni ya siku hiyo ya picha? Akicheka, mdomo unapanda upande upi? Majibu ya maswali haya yameniokolea kazi nyingi kuliko penseli yoyote ya bei kali.

Sasa picha yenyewe. Picha nzuri ya kuchorea si lazima ipendeze machoni. Ninachotafuta ni mwanga unaotoka upande mmoja: dirishani, mlangoni, barazani saa kumi na moja jioni. Uso uwe na upande wa nuru na upande wa kivuli, maana penseli haina mtaji mwingine zaidi ya giza na nuru. Picha ya pasipoti iliyopigwa flashi ya uso kwa uso imefuta vivuli vyote, pua inabaki matundu mawili yanayoelea. Ya saa saba mchana nayo inazamisha macho kwenye giza la nyusi.

Selfi ni mtego. Mwaka 2018 kuna watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba uso ukipigwa kutoka umbali wa sm 30 hivi, pua inaonekana pana kwa takribani asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Ukiichora selfi kwa uaminifu, umechora pua ya simu. Kama mtu yupo hai na mnaonana, mpige picha upya: rudi nyuma hatua mbili, uvute karibu kwa kamera, na uzime ule ulaini wa ngozi ambao simu nyingi za siku hizi zinakuja nao umewashwa tayari. Ule unakula mikunjo, na mikunjo ndiyo mama mwenyewe.

Kingine, picha ikitumwa WhatsApp kama picha inabanwa, na vitu vya kwanza kupotea ni kope na mistari ya pembeni mwa macho. Mwambie aliyeko nyumbani aitume kama hati.

Vifaa: penseli nne zinatosha kabisa, HB, 2B, 4B na 8B. H ni ngumu na hafifu, B ni laini na nyeusi, na tofauti yake ni kiasi cha udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na grafaiti. Ufundi huo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hataza mwaka 1795 na kimsingi ndio unaotumika hadi leo. Yale mabati yenye penseli ishirini na nne ni mazuri kuyapiga picha. Karatasi iwe ya gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu. Manila ya shule inapokea penseli vizuri, lakini ukiifuta mara mbili sehemu moja inaota manyoya. Karatasi ya fotokopi iacheni iendelee kufanya kazi zake za ofisini. Raba muwe nazo mbili: moja ngumu unayoikata ncha kwa wembe, na nyingine laini ya kufinyanga. Hiyo ya kufinyanga ukiikosa, ile gundi ya kubandikia mabango ukutani, inayovutika vidoleni, inafanya kazi ileile. Hausugui nayo, unagusa tu na kuinua, inanyanyua grafaiti kidogo kidogo.

Gridi, yaani kuichora picha na karatasi miraba kisha kunakili mraba kwa mraba: wapo wanaoiona ni wizi. Mafundi wa Ulaya walikuwa wanatumia miraba na fremu za nyuzi tangu zama za Albrecht Dürer, karne ya 16, kwa hiyo msione haya. Chukua picha ya sm 10 kwa 15, ile ya kawaida ya studio, itoe kopi, na kopi ndiyo uichore miraba ya sm 1. Kwenye karatasi ya A3 chora miraba ya sm 2.5. Unapata eneo la sm 25 kwa 37.5, na A3 ni 29.7 kwa 42, hivyo unabakiwa na ukingo wa zaidi ya sm 2 kila upande. Ukingo huo usiujaze, fundi fremu atauhitaji. Miraba ichoreni kwa HB kwa mkono mwepesi. Msitumie 4H mkidhani ni bora kwa kuwa ni hafifu: ni ngumu, inatoboa mfereji kwenye karatasi, na ukija kupaka kivuli juu yake mfereji unabaki mstari mweupe katikati ya paji la uso la baba mkwe.

Naishia hapa kwanza. Maswali leteni.

Mama_K_wa_Mbezi

Nipo na daftari kabisa. Mkuu, tatizo langu ni ngozi. Nikimchora mama yangu, ambaye ni mweusi haswa, anatoka kama kapakwa masizi. Nikipunguza anatoka mzungu. Video za mtandaoni wote wanachora wazungu, vivuli vyao vichache havinisaidii. Nakosea wapi?

Penseli_Tandika

@Mama_K_wa_Mbezi, hili ndilo swali la uzi mzima, dada yangu, ngoja nikae vizuri.

Wengi tunafundishwa kuanza na karatasi nyeupe na kuongeza vivuli mpaka sura itokee. Kwa ngozi nyeupe inakwenda, sehemu kubwa ya uso inabaki karatasi. Kwa ngozi ya mama yako sehemu kubwa ya uso ni rangi ya kati kwenda giza, na nuru ni sehemu ndogo ndogo zenye nguvu: paji la uso, mgongo wa pua, juu ya shavu, mdomo wa chini. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao unaonekana mkali kuliko kwenye nyeupe, na mng'ao huo ndio unaomtambulisha. Ukiusahau unapata masizi.

Ninavyofanya mimi: naziba uso wote kwa HB, mkono mwepesi, tabaka kwa tabaka, mistari ikipishana, mpaka pasiwe na karatasi tupu isipokuwa zile sehemu za mng'ao. Hapo sura inaonekana ya kijivu na huna raha nayo, vumilia. Halafu 2B kwa vivuli vya mashavu na chini ya taya. 4B naileta kwa uchache. 8B ina sehemu zake tano sita tu kwenye uso mzima: matundu ya pua, mboni, mstari kati ya midomo, pembe za mdomo, na ile kona ya sikio inapoingia kichwani. Ukiipeleka 8B shavuni, ndiyo yale masizi.

Ukimaliza, chukua raba ya kufinyanga ifanye ncha, rudi kwenye mng'ao, inua. Usisugue. Mng'ao wa paji la uso una kingo laini, wa ncha ya pua una kingo kali, wa mdomo wa chini umekatwakatwa na mistari ya ngozi. Ukiifanya yote ifanane, mama anaonekana kapakwa mafuta.

Macho: sehemu nyeupe ya jicho SI nyeupe. Ipake kijivu, hasa juu, kwa sababu kope inaiangushia kivuli. Kwa wazee ipake zaidi. Nyeupe tupu moja tu ndiyo inaruhusiwa, kile kinukta cha mwanga kwenye mboni, nacho kiache tangu mwanzo. Meno vilevile. Usichore mstari kati ya jino na jino, onyesha vivuli vidogo kwenye fizi basi. Ukichora mistari unampa mtu meno ya mahindi.

Ujanja wa mwisho: kata kikaratasi chenye tundu dogo, kiweke juu ya picha, halafu juu ya mchoro, sehemu ileile. Tundu linakuonyesha rangi peke yake bila jina la kitu. Utashangaa "nyeupe" ya jicho la mama ni kijivu sawa na shavu la mtu mweupe.

Mama_K_wa_Mbezi

Kwa hiyo miaka yote nilikuwa napaka macho meupe pee. Asante sana kaka.

Mkaa_na_Karatasi

Naomba kupingana na mwenye uzi kidogo. Grafaiti ina tatizo moja ambalo hakulisema: inang'aa. Paka 8B mara tatu, nenda simama pembeni mwa dirisha, ile sehemu nyeusi kuliko zote inageuka fedha. Ukutani mchoro unatazamwa kutoka kila upande, na kwa sura nyeusi yenye vivuli vingi inakera. Giza la mwisho kabisa mimi nafanya kwa penseli ya mkaa. Haing'ai. Sharti moja: mkaa uanze, grafaiti ifuate. Mkaa ukiwekwa juu ya grafaiti nzito unateleza, haushiki.

Pili, hamjaongelea tishu. Vijana wanachora dakika tano, wanasugua kwa tishu dakika ishirini. Matokeo ni uso wa moshi. Ngozi ina vinyweleo, ina makovu, ina vishimo vya ndevu. Tishu inavifuta vyote.

Penseli_Tandika

Kwenye mng'ao wa grafaiti nakubali, mia kwa mia. Kwenye tishu tunatofautiana: mimi nasugua tabaka la kwanza tu, kwa brashi laini ya vipodozi iliyo kavu, halafu juu yake sisugui tena, nachora. Cha kuogopa ni kidole. Mafuta ya kidole yakiingia kwenye karatasi hayatoki, na joto la Dar unalijua. Karatasi safi chini ya kiganja muda wote.

Chambua_Tu

Samahani wakuu lakini hivi kuna haja? Kuna programu unaiwekea picha, sekunde kumi inakupa mchoro wa penseli, unaenda kuprinti A3. Nani atajua?

Mkaa_na_Karatasi

Shangazi.

Penseli_Tandika

😂😂 Kapatia. @Chambua_Tu, sikukatazi. Kama unachohitaji ni pambo la ukutani, printi. Ila zile programu zinafanya kosa lilelile la selfi: zinaiamini picha uliyozipa. Haziulizi doa lilikuwa upande gani. Na ukizipa picha yenye ukungu zinajaza sura kwa kubuni, unaletewa mtu mzuri sana ambaye hakuna aliyezaliwa naye.

Mwana_wa_Umoja_Nai

Hamjambo watu wa TZ, salamu kutoka Nairobi. Huu uzi umenifikia kupitia binamu yangu.

Kuna mwenye amesema video zote ni za wazungu. Tafuteni Wanaijeria. Kelvin Okafor, ako London na wazazi wake ni wa huko Nigeria, anachora kwa penseli na mkaa na mchoro mmoja humchukua kama saa 80 hadi 100. Pia kuna Arinze Stanley. Na mnakumbuka yule mtoto, Kareem Waris Olamilekan? Rais Macron wa Ufaransa alipofika Lagos Julai 2018, kijana wa miaka 11 alimchora hapohapo kwa muda wa saa mbili hivi. Zoom kwenye michoro ya hawa watu, angalia ngozi tu, utasoma mengi.

Swali langu ni nywele. Nyanyangu ana mvi, na dadangu ana rasta ndogo ndogo. Zote zinanishinda.

Penseli_Tandika

Karibu sana jirani. Nywele zetu za kipilipili usizichore kwa mistari mirefu. Zungusha penseli, viduara vidogo vidogo vinavyopandana, na uache vitobo vya mwanga. Ukiziba kabisa unamvalisha kofia. Ukingo wa nywele na paji la uso ni mahali pa kupoteza muda: pale nywele zinaanza chache, ngozi inaonekana kati yake, hakuna mstari. Mtu akichora mstari pale, hata macho yawe ya ajabu, anaonekana amevaa wigi.

Mvi: huchori mvi, unachora giza lililo nyuma yake. Karatasi ndiyo mvi. Rasta na mabutu vivyo hivyo, chora kivuli kati ya msuko na msuko, kisha mng'ao mmoja juu ya kila msuko pale unapojipinda. Na usihesabu yote. Chora kwa makini ya karibu na uso, ya nyuma yaache yafifie. Jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe.

Hiyo ni kwa nguo pia. Kofia ya vito ukitaka kuchora kila tundu utazeeka. Matundu ya mbele yachore vizuri, ya pembeni yadokeze. Kanga sasa, hapo pana adabu yake. Kama maandishi ya kanga yanaonekana kwenye picha, soma jina lote na uliandike sawasawa, au likunje ndani ya mkunjo wa nguo lisisomeke kabisa. Maandishi ya uongo uongo usiweke. Kitu cha kwanza wajukuu wanachofanya ni kusogea kusoma bibi alivaa kanga gani.

Bi_Shangani

Asalaam alaykum. Mie niko Muscat, kwetu Unguja. Nimesoma yote hadi nimesahau chai jikoni.

Nna picha ya bibi yangu mzaa mama, ya studio, alipokuwa msichana. Nyuma ina muhuri wa Capital Art Studio, ile ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa 1930 na Ranchhod Oza. Imeshaanza kupauka. Nataka nimchoree mama yangu. Masuala mawili. La kwanza, uso wa bibi umelainika mno, kama hauna hata kunyanzi, na mama anasema bibi alikuwa na alama ya ndui shavuni. Mbona haionekani? La pili, mama hatundiki sura za watu ukutani, kwa sababu za dini. Sasa zawadi hii nimpe vipi bila ya kumkera?

Penseli_Tandika

Wa alaykum salaam Bi Shangani, shikamoo kama umri unaruhusu.

La alama: studio za enzi zile zilikuwa na mtu wa kurekebisha negativu, ile filamu ambayo picha inatolewa. Alikaa na penseli yenye ncha kali, akajaza makovu na mikunjo kwenye negativu yenyewe kabla picha haijasafishwa. Ilikuwa sehemu ya huduma, Unguja, Mombasa kwenye studio ya Parekh, popote pale. Kwa hiyo picha yako imeshapita kwenye mkono wa mchoraji mmoja kabla yako. Alama ya ndui kama mama anaikumbuka, muulize ilikuwa wapi, kubwa kiasi gani, halafu muulize swali la pili: anataka irudi? Wapo watakaosema irudi ndipo nimtambue. Wapo watakaosema bibi mwenyewe alilipia isiwepo, iache hivyohivyo. Hilo si la mchoraji kuamua.

Picha iliyopauka usichoree moja kwa moja. Iskani kwa dpi 600. Kama huna skana, iweke mezani karibu na dirisha, flashi zima, simu iwe sambamba kabisa na picha. Ikiwa imeshalaminishwa itarudisha mwanga, isogeze hadi mng'ao uondoke. Kopi ndiyo uiongeze weusi kwenye simu, ya asili irudishe kwenye bahasha, gizani.

La dini niwaachie wanaolijua.

Mwalimu_Chuda

Naingia kwenye hilo la Bi Shangani maana nyumbani kwetu Tanga ni hivyohivyo. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya sura za viumbe vyenye roho na si kila nyumba inafuata kauli moja. Hapa si mahali pa kushindana. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kumuuliza mama mapema, kabla ya mtu kuanza kuchora. Zawadi ya kushtukiza kwenye nyumba ya namna hiyo ni kumtia mzee mtihanini mbele ya wageni, avunje anachokiamini au akuvunje moyo. Wapo wanaokubali mchoro ukae ndani ya albamu, usitundikwe. Asipokubali kabisa, chora kitu cha bibi: mlango wa nyumba yao Shangani, na milango ya kule kwa nakshi zake inataka penseli hasa, au mkufu wake, au bakuli la udi. Ni kazi ngumu ileile.

Bi_Shangani

Mlango! Wallahi sikufikiria. Picha ya mlango nnayo, na misumari yake yote ya shaba. Nitamuuliza mama Ijumaa nikimpigia.

Fundi_Fremu_Ilala

Wakuu mimi ndiye mnayeniletea kazi zenu mkitaka ziishe jioni hiyohiyo. Naomba mnisikilize.

Mchoro wa penseli USIGUSE KIOO. Ukigusa, kwenye unyevu wa Pwani karatasi inavuta maji, inajikunja, inanata kwenye kioo, na siku ukifungua nusu ya uso inabaki kwenye kioo. Mwambie fundi aweke kadi nene iliyotobolewa dirisha, ile tunaita maunti, ndiyo inaacha nafasi kati ya mchoro na kioo. Ndio maana mwenye uzi kasema ukingo usijazwe, nimefurahi kusikia.

Nyuma, wengi wetu tunaweka hadibodi moja kwa moja, au gazeti. Vyote vina asidi, baada ya miaka michache karatasi inageuka rangi ya chai. Omba karatasi nyeupe nzuri iwekwe kati. Na mchoro usibandikwe gundi kote, ushikwe juu tu, sehemu mbili, uninginie. Karatasi inapumua masika na kiangazi, ukiibana pande zote inafanya mawimbi.

Halafu dawa ya nywele. Nani aliwaambia mpulizie dawa ya nywele kuzuia penseli isifutike? Inakuwa njano, inanata, inakamata vumbi. Kuna dawa yake maalumu ya michoro. Pulizia nje, umbali wa sm 30, mara mbili tatu kidogo kidogo, ikauke kila mara. Na mjue ukishapulizia raba haifanyi kazi tena vizuri, kwa hiyo sahihisheni kwanza.

Usitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni. Grafaiti haipauki, karatasi ndiyo inayoungua.

Mkaa_na_Karatasi

Fundi apewe maua yake. Kuna fundi mmoja, simtaji, aliwahi kukata mchoro wa mteja wangu uingie kwenye fremu aliyokuwa nayo dukani. Sikio moja lilienda.

Kaka_Mkubwa_Mza

Wakuu, mimi nina kazi ya kipekee. Babu na bibi hawakuwahi kupiga picha pamoja. Babu ana picha ya kitambulisho, bibi ana ya kipaimara cha mjukuu, nje, jua la saa nne. Wazee wanataka wawekwe pamoja kwa ajili ya sherehe ya ukoo Desemba. Inawezekana?

Penseli_Tandika

Inawezekana, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, ila ina mitego mitatu.

Mwanga. Bibi ana jua la upande, babu ana flashi ya mbele. Ukiwaweka hivyo wataonekana wamekutana kituo cha basi. Chagua mwanga wa bibi kwa sababu una vivuli, kisha mbunie babu kivuli cha upande uleule. Ili usibuni hewani, mwite mjomba yeyote mwenye kichwa cha babu, mkalishe dirishani, uone kivuli cha pua kinaangukia wapi.

Ukubwa. Picha ya kitambulisho ni ya sm 3.5 kwa 4.5 hivi, ya bibi pengine kichwa ni nusu ya hapo. Usilinganishe vichwa kwa kukisia, uliza nani alikuwa mrefu na kwa kiasi gani. Pima umbali kutoka mboni hadi mboni kwa kila mmoja, hao wawili uwaweke karibu sawa, mengine yafuate.

Kugeuza. Utatamani kuigeuza picha ya babu ili amtazame bibi. Ukiigeuza, njia ya nywele inahama, doa linahama, vifungo vya shati vinakaa kike. Watu hawatajua kwa nini, watasema tu "babu ana kitu leo." Bora wote watazame mbele.

Na nyuma ya karatasi, kwa penseli siyo kalamu ya wino, andika majina yao kamili, kijiji, mwaka wa kila picha, na nani aliitoa. Wino unapenya mbele baada ya muda.

Kaka_Mkubwa_Mza

Shukrani sana. Bibi alikuwa mrefu kuliko babu, na babu hakupenda isemwe 😅 Nifanyeje hapo?

Mama_K_wa_Mbezi

Mkalishe bibi kwenye kiti.

Mwana_wa_Umoja_Nai

Hii ndiyo jibu 😂 Lakini mniambie, ikishaisha natumaje? Nyanya ako Kakamega na mimi niko huku Nairobi, basi za usiku mnazijua.

Fundi_Fremu_Ilala

Usitume na kioo. Kioo kikipasuka kinachana mchoro. Weka mchoro bapa kati ya kadi mbili ngumu zilizo kubwa kuliko karatasi kwa vidole viwili kila upande, juu ya mchoro weka karatasi ya kuokea, bana kwa gundi ya karatasi kwenye kadi siyo kwenye mchoro, funga na nailoni dhidi ya mvua. Fremu atengenezewe hukohuko. Mpe mpokeaji vipimo vya nje vya karatasi na umwambie fundi asikate hata milimita.

Mwana_wa_Umoja_Nai

Sawa fundi. Nimeandika "USIKATE" kwa kadi na kalamu nyekundu, pande zote mbili.

Bi_Shangani

Nimeshazungumza na mama. Mlango kaukubali utundikwe sebuleni. Na sura ya bibi kasema niichore pia, ikae kwenye albamu, na ndui nirejeshe, shavu la kushoto, mbili, moja kubwa kuliko mwenziwe. Sasa @Penseli_Tandika, kushoto kwake au kushoto kwangu nikimtazama?

Penseli_Tandika

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Mpigie tena.